Ruwaza za programu na mizani mbili za dagaa

Kijana akitoka kwenye usaili wa kazi ya programu hapa Mwanza, ukamuuliza ameulizwa nini, kuna jibu ambalo halikosekani: "Wameniuliza paterni." Kwa Kiswahili cha vitabuni ni ruwaza, yaani njia iliyokwisha kujaribiwa ya kutatua tatizo linalorudi rudi kwenye programu, na ndilo neno nitakalotumia. Waliomba ataje tatu, akataja Singletoni, Faktori na Obzeva, akachora vijisanduku na mishale ubaoni, wakaitikia kwa kichwa, akatoka. Hakuna aliyemuuliza vile vijisanduku vinatibu ugonjwa gani. Nimewahi kukaa upande wa wanaouliza, na nakiri nilifanya hivyo hivyo, kwa sababu majibu ya namna hiyo ni rahisi kusahihisha.

Matokeo yake ruwaza zimekuwa kama jedwali la kuzidisha: ziko 23, zikariri, ukiulizwa ujibu. Halafu kijana anaajiriwa, anapewa kazi ya kutengeneza fomu ya kusajili wanachama wa saccos, na wiki inayofuata unakuta klasi kumi na nne (vipande vya programu, nitavieleza mbele), Faktori inayozaa Faktori nyingine, na mahali jina la mwanachama linapohifadhiwa hupaoni. Mwenzake aliyewahi kurithi programu ya namna hiyo akaapa kwamba ruwaza zote ni mbwembwe. Wote wawili wameshika makali. Mpini uko kwingine.

Nitatumia mfano mmoja kuanzia hapa, maana ndio ulionifundisha mwenyewe: programu ya stoo ya dagaa niliyomtengenezea mama mmoja mfanyabiashara wa soko la Mwaloni, Kirumba. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti, wavuvi wanapumzika. Kwa hiyo mzigo hauji sawasawa: kuna siku magunia kutoka visiwani yanapangwa mpaka mlangoni, na kuna siku karani anasinzia. Programu ilitakiwa kufanya mambo manne: kupima gunia, kukokotoa bei kwa daraja, kumlipa muuzaji kwa simu, na kuwatangazia wachuuzi bei ya siku. Kila moja ilinikutanisha na ruwaza, na moja ilinikutanisha na aibu.

Kujuana kupita kiasi

Kwanza objekti. Objekti ni kifurushi chenye taarifa pamoja na kazi zinazohusu taarifa hizo. Gunia linajua uzito wake, daraja lake na mwenye mali, na ukiliuliza thamani yake linajibu. Klasi ni kalibu. Objekti ni tofali lililotoka kwenye kalibu hiyo. Wazo hili lilianzia Norway miaka ya 1960, kwa Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, waliobuni lugha ya Simula ili kuigiza ndani ya kompyuta mambo ya kawaida kama foleni, mashine na mizigo inayosubiri. Ukisimama Mwaloni saa moja asubuhi unaona kwa nini walihitaji lugha ya namna hiyo.

Objekti zikiwa tano hakuna shida. Zikiwa mia, swali linakuwa nani anamjua nani. Kodi (nasema hii ya kuandikia programu, si ile ya TRA) haiharibiki kwa sababu ya ukubwa peke yake. Huharibika kwa kujuana. Gunia likijua kwamba malipo yanapitia mtandao fulani wa simu, na malipo nayo yakijua kwamba magunia ya daraja la kwanza yana lebo ya kijani, siku utakayobadilisha rangi ya lebo ndiyo siku watu hawatalipwa. Utatafuta kosa kwenye mtandao wa simu usiku kucha, nalo liko kwenye rangi.

Ukizitazama ruwaza kwa jicho hilo, nyingi zinafanana: kila moja ni njia ya kumzuia fulani asimjue fulani kupita inavyotakiwa, na kila njia ina gharama yake. Sehemu ya gharama ndiyo usaili unaruka.

Kibaraza cha futi sita

Neno lenyewe halikuzaliwa kwenye kompyuta. Lilitoka kwa msanifu majengo, Christopher Alexander, mzaliwa wa Vienna aliyefundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1977 yeye na wenzake walichapisha ruwaza 253 za ujenzi, kuanzia mpangilio wa mikoa hadi viti vya sebuleni. Ninayoipenda inahusu vibaraza: kibaraza chenye kina kisichofika futi sita karibu hakitumiki kabisa.

Panda Igogo au Mabatini, kwenye nyumba zilizong'ang'ania mawe mlimani, ukajionee. Fundi akibanwa na jiwe anaacha kibaraza cha futi tatu, na haupiti mwezi kimegeuka mahali pa ndoo na jiko la mkaa. Wenye nyumba wanakaa chini, juu ya mwamba. Jirani ambaye jiwe lilimwachia futi saba, jioni nzima wako nje: mzee na redio, watoto na madaftari, mgeni na kiti chake, na bado mtu anapita bila kuruka miguu ya wenzake.

Alexander hakuagiza kibaraza cha mbao au cha saruji. Alitaja tatizo linalorudi, akaeleza kwa nini linarudi, kisha akatoa kiini cha dawa, na mengine akamwachia fundi na jiwe lake. Alitaka dawa ile ile itumike mara milioni bila majengo mawili kufanana. Ukiishika hiyo umeshika ruwaza yenyewe. Anayenakili kodi ya Obzeva neno kwa neno kutoka kwenye mafunzo ya mtandaoni amenakili kibaraza cha mtu mwingine, na jiwe lake la nyumbani hakulitazama.

Mwaka 1987, kwenye kongamano la programu za objekti huko Orlando, waandishi wa programu Kent Beck na Ward Cunningham walieleza jinsi walivyojaribu wazo la Alexander kwa ruwaza tano ndogo za kupanga madirisha ya programu kwa lugha ya Smalltalk. Mwaka 1994 wakatoka watu wanne, Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides, na kitabu chenye ruwaza 23: tano za kuzaa objekti, saba za kuziunganisha, kumi na moja za jinsi zinavyoshirikiana. Wenzao wakawabatiza Genge la Wanne. Gamma huyo huyo ndiye baadaye aliyeongoza utengenezaji wa VS Code, programu ya kuandikia kodi, ambayo huenda umeifungua pembeni sasa hivi.

Kila ruwaza kitabuni mwao ina mambo manne ya msingi: jina, tatizo, suluhisho na matokeo, yaani faida na hasara za kuitumia. Mchoro wa vijisanduku ni sehemu tu ya suluhisho. Siku hizi mimi nasoma matokeo kwanza.

Jina nalo lisidharauliwe. Wasikilize mafundi wa mitumbwi ufukweni. Mmoja akisema "hili taruma limechoka," mwenzake ameshajua kwamba kuna mbao za kufunguliwa, misumari ya kung'olewa, nyufa za kuziba upya, na kwamba mwenye mtumbwi haendi ziwani wiki hii. Maneno matatu yamebeba kazi ya siku kadhaa. Ruwaza ikitumika vizuri hufanya hivyo kati ya waandishi wa programu: nikisema "hapo weka adapta," mwenzangu hahitaji hotuba.

Kulipa na kukokotoa

Nianze na hiyo adapta, maana hata dukani inajulikana. Una chaja ya pini mbili na soketi ya matundu matatu; hubomoi ukuta, hukati waya, unaweka kitu kidogo katikati. Upande huu kinafanana na soketi, upande ule kinafanana na chaja.

Wauzaji wa dagaa wanalipwa kwa mitandao tofauti ya simu. Mfumo mmoja wa malipo unataka namba ianze na 255, mwingine na sifuri. Mmoja unajibu papo hapo, mwingine unasema "tumepokea" halafu jibu lenyewe linakuja baada ya dakika mbili. Mtandao wa kwanza niliuandika moja kwa moja ndani ya klasi ya Malipo. Wa pili nikaongeza "la sivyo kama". Wa tatu ulipokuja, kila badiliko dogo lilikuwa linanipeleka sehemu sita, ndipo nikatengeneza intafesi moja (ahadi ya kazi zinazoweza kuombwa, bila kusema zinafanywaje), Mlipaji, yenye methodi moja tu (kazi ambayo objekti inajua kuifanya), lipa, na kila mtandao nikaupa adapta yake nyuma ya intafesi hiyo. Stoo nzima ikabaki inamjua Mlipaji basi. Tigo Pesa ilipogeuka Mixx by Yas mwaka 2024, niligusa adapta moja na maandishi ya risiti, nikarudi kunywa chai.

Sikujilaumu kwa kusubiri mtandao wa tatu. Ningeandika adapta siku ya kwanza, wakati mtandao ni mmoja, ningekuwa nabahatisha jinsi mitandao itakavyotofautiana, na ningebahatisha vibaya.

Gharama yake sasa. Adapta inaficha tofauti, na kuna tofauti zisizofichika. Ule mtandao unaojibu baadaye, adapta yangu ya kwanza iliutafsiri "tumepokea" kuwa "imelipwa", kwa kuwa Mlipaji alikuwa na majibu mawili tu: imelipwa, imeshindikana. Muuzaji akaonyeshwa risiti, pesa hana. Ilibidi nirudi kwenye intafesi niongeze jibu la tatu, "inasubiri", na kila aliyeitegemea ajifunze kusubiri. Kipande kidogo cha tabia ya mtandao mmoja kikapenya mpaka kaunta ya stoo. Hakuna jinsi nyingine. Dunia ndivyo ilivyo upande wa pili wa soketi.

Bei ilikuja na Strateji. Dagaa waliokaushwa kwenye vichanja wana bei yao. Waliokaushwa mchangani wanapunguziwa uzito kidogo kwa ajili ya mchanga. Walionyeshewa kabla hawajakauka wanaenda kuwa chakula cha kuku. Kodi yangu ya mwanzo ilisomeka hivi:

kama daraja ni chanja: bei = kilo × beiChanja
la sivyo kama daraja ni mchanga: bei = (kilo − makatoMchanga) × beiMchanga
la sivyo: bei = kilo × beiKuku

Haina ubaya. Ubaya ulianza mama alipotaka bei ya wateja wa kudumu, kisha bei ya msimu wa mvua, kisha bei ya mzigo mzima wa mtumbwi, na zile "la sivyo kama" zikaanza kuwekwa moja ndani ya nyingine kama sufuria. Strateji inasema: kila kanuni ya kukokotoa ipe objekti yake, zote ziwe na methodi moja ya jina moja, kisha gunia likabidhiwe kanuni linayostahili. Gunia halijui bei inakokotolewaje. Linajua tu kwamba lina mtu wa kumuuliza.

Nikaandika klasi sita kwa kanuni sita, kila klasi na faili lake, kila faili na mistari ishirini ya mapambo kuzunguka mstari mmoja wa hesabu. Miezi michache baadaye nikazifuta zote nikaweka fankisheni sita (vipande vya kodi vinavyofanya hesabu bila kuhitaji klasi) kwenye faili moja, kwa sababu lugha niliyotumia inakuruhusu kukabidhi fankisheni kama unavyokabidhi namba. Ruwaza ilibaki ile ile, klasi ziliondoka. Mtaalamu wa kompyuta Peter Norvig aliliona hili mapema: mwaka 1996 alionyesha kwamba 16 kati ya zile 23 zinakuwa nyepesi zaidi, au zinapotea kabisa machoni, ukitumia lugha kama Lisp au Dylan. Genge la Wanne walitoa mifano yao kwa C++ na Smalltalk, na baadhi ya michoro yao ni kovu la C++ kuliko kiini cha tatizo. Anayeandika Python leo kwa michoro ile anavaa koti la mvua ndani ya nyumba.

Kupaza sauti sokoni

Obzeva, yaani mwangalizi, ndiyo ruwaza ambayo soko liliijua kabla ya kompyuta. Dalali anapaza sauti: bei imepanda. Hajui nani amesikia. Mchuuzi anatoa simu, mpishi wa mgahawa anakunja uso, mwenye lori anaghairi. Kesho wasikilizaji ni wengine, na dalali hajabadilisha chochote.

Ndani ya programu tatizo lilikuwa hivi: bei ikibadilika, lazima kioo cha ukutani kibadilike, hesabu za karani zibadilike, na wachuuzi wapate ujumbe mfupi. Toleo la kwanza, klasi ya Bei iliwajua wote kwa majina na kumwita mmoja mmoja. Kila alipoongezeka anayetaka kujua, naifungua Bei. Kwa Obzeva, Bei ina orodha tu. Anayetaka kusikia anajiandikisha, asiyetaka tena anajiondoa, na bei ikibadilika Bei inapita kwenye orodha ikisema "nimebadilika". Mizizi yake iko Smalltalk, kwenye mpangilio ambao Trygve Reenskaug, naye Mnorway, aliubuni akiwa kwenye kampuni ya Xerox mwishoni mwa miaka ya 1970: data upande mmoja, vioo vinavyoionyesha upande mwingine, na data isijue vioo viko vingapi.

Ilikaa vizuri wiki tatu. Kisha asubuhi moja wachuuzi kadhaa walifika na bei ya jana mkononi, wamekasirika. Karani alikuwa ameandikisha namba iliyopungua tarakimu moja. Mwenye namba hiyo alikuwa wa tatu kwenye orodha. Bei ikapita: wa kwanza sawa, wa pili sawa, wa tatu kosa, programu ikasimama. Kuanzia wa nne hakuna aliyesikia kitu. Dalali wa kweli mchuuzi mmoja akiwa kiziwi hanyamazi, lakini kitanzi cha programu (kodi inayopita kwenye orodha mmoja mmoja) hunyamaza usipokifundisha. Siku hizi kila msikilizaji anaitwa ndani ya uzio wake: akikosea, kosa linaandikwa pembeni, safari inaendelea.

Kosa la pili lilikuwa la kimyakimya. Kila karani alipofungua dirisha la bei, dirisha lilijiandikisha. Alipolifunga, halikujiondoa. Kufika jioni Bei ilikuwa inatangazia madirisha mia mbili yasiyokuwepo, na kompyuta inahema. Msikilizaji aliye kwenye orodha hafi, hata kama kila mtu mwingine amemsahau, kwa kuwa orodha bado imemshika. Ni kama grupu la WhatsApp la wauza dagaa: walioacha biashara zamani bado wamo, ila pale gharama analipa mwenye simu.

La tatu sikulipata mimi, nililiona kwa mwenzangu: msikilizaji anayesikia bei, anaikadiria iishie na sifuri mbili, na kuirudisha kwa Bei, ambayo inaona imebadilika na kutangaza upya. Kadirio lake lilikuwa na hitilafu ndogo ya desimali, basi haikutulia kamwe.

Nimekaa sana kwenye Obzeva kwa sababu ndiyo utakayokutana nayo kila siku, mara nyingi bila jina: kila kitufe cha kwenye ukurasa wa wavuti kinachosubiri kubofywa ni msikilizaji aliyejiandikisha. Lugha ya Java ilikuwa na Obzeva yake ya tangu awali, na mwaka 2017, toleo la 9, ikawashauri watu waache kuitumia. Wazo halikufa. Ule utekelezaji mmoja ndio ulionekana haufai tena.

Nyingine nitazipita mbio. Itereta imeshamezwa na lugha. Kila unapoandika "kwa kila gunia katika magunia" unaitumia. Dekoreta inavalisha objekti kazi ya ziada bila kuifungua ndani. Komandi inageuza tendo kuwa objekti, na ndiyo siri ya kitufe cha kutengua. Fasadi ni mlango mmoja wa mbele kwa nyumba yenye vyumba vingi. Faktori ina maana pale tu anayehitaji objekti hatakiwi kujua ni ya klasi gani. Kama klasi ni moja na itabaki moja, ita jina lake uendelee na maisha. Visita niliitumia mara moja na sina hamu.

Mizani

Sasa ile aibu. Stoo ilikuwa na mizani moja ya kidijiti, waya wake umechomekwa kwenye kompyuta. Nikasema: mizani ni moja, basi hii ni Singletoni. Ruwaza hii inahakikisha klasi ina objekti moja tu na inawapa wote njia ya kuifikia kutoka popote. Risiti ikitaka uzito inaita Mizani. Ripoti ikitaka, inaita Mizani. Rahisi, na nilijiona nimesoma.

Biashara ikachanganya. Mama akakodi stoo ya pili iliyopakana na ya kwanza, akanunua mizani ya pili, tukatoboa ukuta tukapitisha waya mpaka kwenye kompyuta ile ile. Nilikuwa na haraka. Badala ya kugusa sehemu zote zilizoita Mizani, niliifanya ile objekti moja isome mizani yoyote iliyopata mzigo mwisho. Nikaijaribu peke yangu, gunia moja kwa wakati, ikakubali. Giza likaingia, mzigo ukaja, stoo zote mbili zikapima kwa pamoja.

Simu ikaita mchana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, njoo. Mizani yako inaniibia."

"Inaibaje, mama?"

"Gunia wamelibeba watu wawili wanatweta, karatasi inasema kilo thelathini na moja. Njoo."

Mwenye gunia, mzee kutoka Ukerewe, alikuwa amelikalia gunia lake na hataki kuondoka. Kilo thelathini na moja zilikuwa za kiroba kilichopimwa stoo ya pili sekunde ileile. Na kama yeye alipunjwa, kuna mwingine aliyezidishiwa na akaondoka zake kimya. Kilichotuokoa ni daftari. Mama hakuwahi kuiamini programu moja kwa moja, alimwagiza kijana wa mizani aandike kila uzito kwa kalamu. Siku mbili tulilinganisha karatasi na kompyuta, mstari kwa mstari, yeye akisoma kwa sauti, mimi nikisahihisha na kuona haya.

Singletoni inafunga pamoja mambo mawili yasiyohusiana. La kwanza ni kwamba kitu kipo kimoja. Hiyo ilikuwa hali ya siku ile, na hali hubadilika mtu akipata pesa ya kukodi stoo nyingine. La pili ni kwamba kila mtu anaweza kukifikia kutoka popote. Huo ni uamuzi kuhusu kujuana, tena mkubwa. Nilipohesabu, Mizani ilikuwa inaitwa sehemu thelathini na saba, na ukitazama klasi ya Risiti kwa nje huwezi kujua kwamba ndani yake kuna mizani. Ndiyo maana nilikwepa kuzigusa. Gamma mwenyewe, alipohojiwa mwaka 2009, alisema angekuwa tayari kuiondoa Singletoni, kwa kuwa matumizi yake karibu kila mara ni dalili ya usanifu mbovu.

Dawa haina mvuto wa kuchorwa ubaoni. Anayehitaji mizani anakabidhiwa mizani wakati anaundwa. Risiti ya stoo ya kwanza inapewa mizani ya kwanza, ya pili inapewa ya pili, na hakuna anayenyoosha mkono kuchukua kitu ambacho hakupewa. Faida nyingine ikaja yenyewe: kabla ya hapo sikuweza kujaribu risiti bila kwenda stoo na kubeba gunia. Sasa naikabidhi mizani bandia ambayo kila ikiulizwa inajibu kilo hamsini, najaribu nikiwa nyumbani Nyegezi. Ningekuwa nazo mizani bandia mbili siku ile, zinazojibu kwa pamoja, yule mzee angewahi mtumbwi wa kurudi.

Mwezi uliopita mama kanunua mizani ya tatu, ya kupimia sangara wakavu. Nilienda asubuhi. Kwenye kodi niliongeza mstari mmoja, pale programu inapowashwa na kila stoo kukabidhiwa chake. Muda uliobaki mpaka saa sita tulikuwa tunazunguka madukani kutafuta waya mrefu wa kutosha kufika kwenye kompyuta.